Gundi ya Kasha la Kompyuta: Kwa Nini Tone Moja Halitoshi

Bawaba ya kompyuta mpakato hutoa dalili mapema kabla haijang'oka. Kwanza husikika mlio mdogo kila kifuniko kinapofunguliwa. Baadaye kona moja ya kifuniko huachana na fremu ya kioo, ufa wa unene wa kucha huonekana, na siku moja, mara nyingi mwenye kompyuta akiwa na haraka, kona yote hubanduka na skurubu kudondoka mezani. Katika Kata ya Kighare, kama ilivyo katika kata nyingine za Usangi, hatua inayofuata inafahamika: mtoto hutumwa dukani kununua kichupa cha gundi ya matone, ile ambayo wengi huiita supaglu. Tone moja hutiwa, kona hubanwa kwa vidole kwa dakika moja, na kazi huendelea. Baada ya wiki mbili kona hubanduka tena, safari hii ikiwa na utando mgumu mweupe unaozuia gundi nyingine yoyote isishike.

Kosa katika kisa hicho si udhaifu wa gundi. Gundi ya matone ikipewa kazi inayoifaa ina nguvu ya kushangaza. Kosa ni kwamba imepewa kazi isiyo yake, juu ya uso usioandaliwa, na bila mtu kuuliza kwanza kwa nini kona ilibanduka. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa maana jibu lake laweza kuwa betri iliyovimba, na kasha lililofungwa kwa gundi juu ya betri iliyovimba ni hatari ya moto ndani ya nyumba. Ndiyo sababu somo hili linaanza na betri kabla ya kufika kwenye gundi.

Betri ikaguliwe kwanza

Kompyuta mpakato za miaka ya karibuni hutumia betri za lithiamu-ioni, na nyingi kati ya hizo zimeundwa kwa vifuko laini vyembamba vilivyopangwa chini ya kibodi. Betri ya namna hiyo ikizeeka, ikichajiwa katika joto kali au ikiwa na hitilafu ya kiwandani, hutengeneza gesi ndani yake na vifuko huumuka kama andazi. Gesi hiyo haina pa kutokea, hivyo husukuma kila kilicho karibu. Kibao cha kugusa huinuka au hukataa kubonyea. Kompyuta iliyokuwa ikikaa sawasawa mezani huanza kuyumba. Mshono wa kasha hufunguka katikati ya ubavu, mahali pasipo na bawaba wala skurubu iliyolegea. Asiyejua huona kasha limeachia tu, akatafuta gundi na kitu kizito cha kulikandamiza.

Kukandamiza huko ndiko kunakoua. Betri iliyovimba ikibanwa, ikikunjwa au ikitobolewa, tabaka zake za ndani hugusana, joto hupanda ghafla, na moto unaotokea huwa mgumu kuuzima. Kasha lililofunguka mbali na bawaba lisitiwe gundi ya aina yoyote mpaka betri imekaguliwa. Kompyuta izimwe, chaja ichomolewe, na kifaa kipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi wa kuitoa betri hiyo. Kikiwa kinasubiri, kihifadhiwe mahali pa sakafu ya saruji au udongo, mbali na godoro, mapazia na jiko. Betri iliyotolewa isitupwe jalalani wala kwenye shimo la kuchomea taka, na watoto wasiachiwe kuichezea. Betri ikianza kutoa moshi, watu watoke chumbani kwanza, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini msaada wowote kutoka nje una mlima wa kupanda kabla ya kufika Usangi, hivyo tahadhari ya mapema ina uzito zaidi huku kuliko mjini.

Ikiwa betri ni nzima na ufa uko penye bawaba, hapo ndipo mazungumzo ya gundi yanapoanza.

Metali isiyokubali moto

Upare una historia ndefu ya kufua chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana, katika Ugweno, walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma karne nyingi kabla ya ukoloni, na chuma cha Upare kilitafutwa hata na majirani wa Kilimanjaro. Pengine ni kwa urithi huo kwamba, kitu cha metali kikivunjika, wazo la kwanza la wengi ni moto: kipelekwe kwa fundi wa kuchomelea.

Kasha la kompyuta halifai kabisa kwa moto huo. Makasha mengi ya metali ni bati jembamba la alumini, na mengine ni ya aloi ya magnesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi, chini ya nusu ya joto linaloyeyusha chuma, lakini ngozi ya oksidi inayoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi anayejaribu kuichomelea kwa mashine ya kawaida ya madirisha na mageti hulitoboa bati kabla ngozi hiyo haijafunguka. Mtu anayeielewa zaidi tabia ya kasha la kompyuta ni fundi wa madirisha ya alumini, ambaye huunganisha kwa ribiti na skurubu na hategemei moto.

Kujua kasha ni la metali gani hakuhitaji maabara. Sumaku ndogo iliyotolewa katika spika iliyokufa hushika chuma na haishiki alumini wala magnesi. Sumaku hiyo ijaribiwe kwenye kifuniko peke yake, baada ya kompyuta kuzimwa, na iwekwe mbali na sehemu yenye diski kuu. Mara nyingine jaribio huonyesha jambo lisilotarajiwa: kasha lililodhaniwa kuwa la metali ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Plastiki ina masharti yake, na sehemu kubwa ya yanayofuata haiihusu.

Ganda la ndizi

Ndani ya kifuniko, bawaba haishiki bati moja kwa moja. Hufungwa kwa skurubu kwenye kipande kidogo, cha plastiki au metali, ambacho kiwandani kilibandikwa kwa gundi upande wa ndani wa bati. Kipande hicho kina upana wa sentimita mbili au tatu tu. Kifuniko chenyewe kina urefu wa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wa juu. Kwa hiyo kila kinapofunguliwa, kifuniko hufanya kazi ya mtaimbo. Nguvu ya kilo 1 inayosukuma ukingo wa juu hufika kwenye kipande cha sentimita 2.5 ikiwa imezidishwa mara 8.

Nguvu hiyo haivuti kipande chote kwa pamoja. Huanzia ukingoni. Mfano ulio karibu zaidi na mkazi wa Usangi ni ndizi. Anayejaribu kulitelezesha ganda zima pembeni kwa mkupuo mmoja hatafanikiwa, lakini akishika ncha na kuivuta, ganda hutoka bila taabu, kwa kuwa nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba. Karibu gundi zote ni hodari dhidi ya kutelezeshwa na ni dhaifu dhidi ya kumenywa, na bawaba ya kompyuta humenya kila siku.

Kutokana na hapo, sifa za gundi inayotakiwa zinajitokeza zenyewe. Iwe ngumu bila kuwa kama kioo, maana kitu kikavu kupita kiasi hupasuka kwa mtikisiko. Ijaze nafasi, kwa kuwa kipande kilichong'oka huacha mabaki na mashimo yasiyokutana sawasawa tena. Ishike alumini kwa kweli, na isitoe mvuke unaodhuru saketi.

Zilizopo madukani

Gundi ya matone ilipatikana kwa bahati mwaka 1942, katika utafiti wa Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak nchini Marekani, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Hukauka kwa kutumia unyevu mdogo uliopo hewani na juu ya vitu, ndiyo maana hushika vidole haraka kuliko kitu kingine chochote. Inahitaji nyuso mbili zinazogusana kikamilifu na safu nyembamba mno. Kwenye ufa wa bawaba haikidhi hata sharti moja. Haijazi nafasi, na ikishakauka ni kavu kama kioo, kwa hiyo humenyeka kwa urahisi. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya kioo cha skrini na kamera iliyo karibu. Baadhi ya mafundi huinyunyizia soda ya kuokea mikate ili igande papo hapo na kujaza mashimo. Mbinu hiyo hufaa kuziba tundu la plastiki lisilobeba mzigo, lakini kwenye bawaba huongeza unene bila kuondoa ukavu.

Jambo jingine kuhusu gundi hii linastahili kusemwa kwa uzito. Ikimwagika juu ya pamba au kitambaa cha pamba huzalisha joto kali linaloweza kuunguza ngozi. Isifutwe kwa kitambaa kilichoshikwa mkononi. Vidole vilivyoshikana viloekwe katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na visivutwe kwa nguvu. Ikiingia jichoni, jicho lisuuzwe kwa maji safi mengi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kujaribu kulifungua jicho kwa kulazimisha.

Gundi nyeupe ya mbao haina nafasi hapa. Hukauka kwa maji yake kunyonywa na mbao au kupotea hewani, na metali hainyonyi kitu. Gundi ya viatu hushika, na kwa siku chache huridhisha, lakini hubaki laini daima, hivyo bawaba huivuta taratibu kama ubani uliotafunwa. Gundi ya fimbo inayoyeyushwa kwa umeme hulegea kompyuta ipatapo joto. Tepu yenye gundi pande mbili, ile nene ya kijivu, inafaa kurudisha pambo au ukanda mwembamba uliobanduka mbali na bawaba, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko gundi zote kwa sababu huweza kutolewa tena.

Silikoni inahitaji onyo la pekee kwa kuwa ipo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Aina ya kawaida inayotumika kwenye madirisha hunuka siki inapokauka. Harufu hiyo ni asidi halisi, na ndani ya kasha lililofungwa hula shaba ya nyaya na njia za saketi. Kompyuta hufanya kazi vizuri kwa muda, kisha huanza kusumbua kwa namna ambayo fundi anayefuata hataielewa.

Inayobaki ni gundi ya mirija miwili, inayouzwa ikiwa na alama A na B, ambayo jina lake la kitaalamu ni epoksi. Mrija mmoja una utomvu, wa pili una kigumishi. Vikikutana hubadilika kikemia na kuwa kitu kimoja kigumu bila kuhitaji hewa wala unyevu. Kampuni ya Ciba ya Uswisi iliileta sokoni mwaka 1946 kwa jina la Araldite, jina ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki hulitumia hadi leo kwa gundi yoyote ya mirija miwili. Wenye shaka kwamba gundi yaweza kubeba metali wakumbuke kwamba tangu miaka ya 1940, huko Uingereza, sehemu za alumini za ndege zimekuwa zikiunganishwa kwa gundi. Norman de Bruyne na wenzake wa Duxford ndio waliofungua njia hiyo, kwa gundi ya aina nyingine iliyokaushwa kwa joto na mgandamizo.

Ndani ya epoksi zenyewe kuna uchaguzi. Zile za dakika tano zinapendwa kwa haraka yake, lakini kwa kawaida hufikia nguvu ndogo kuliko zile zinazochukua saa nyingi. Tena "dakika tano" ni muda wa kufanyia kazi kabla haijaganda, wala si muda wa kukomaa. Kwa bawaba ichaguliwe inayokauka polepole, na ikipatikana yenye unga wa metali ndani yake, rangi ya kijivu, ni nzuri zaidi kwa kujaza nafasi. Mrija uliovimba, uliopita tarehe au ambao utomvu wake umekuwa kama sukari iliyoganda uachwe dukani.

Kuandaa uso

Sehemu kubwa ya mafanikio iko hapa, na hapa ndipo watu huharakisha. Gundi haishiki alumini. Hushika kile kilicho juu ya alumini. Ikiwa juu yake kuna mafuta ya mikono, rangi au mabaki ya gundi ya zamani, gundi mpya itashikamana vizuri sana na uchafu huo, kisha vyote viwili vitabanduka kwa pamoja.

Kifuniko kitenganishwe kwanza na sehemu yenye saketi, betri ikiwa imechomolewa. Mabaki ya zamani yakwanguliwe kwa ncha butu. Bati lisuguliwe kwa msasa wa namba 120 hadi 220, kwa mizunguko, mpaka mng'ao upotee na kubaki mikwaruzo midogo kila mahali. Kipande cha bawaba nacho kisuguliwe vivyo hivyo. Vumbi linalotoka ni metali inayopitisha umeme, na sumaku haiwezi kulikusanya kwa kuwa ni alumini. Likusanywe kwa kitambaa chenye unyevu au kwa upande wenye gundi wa soltepu. Kama kasha ni la magnesi, vumbi lake hushika moto kwa urahisi. Kwa kuwa macho hayawezi kutofautisha metali hizo mbili kwa uhakika, msasa utumike kwa mkono, bila mashine, na mbali na jiko.

Baada ya msasa uso ufutwe kwa spiriti safi ya dukani la dawa, kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kibadilishwe mpaka kitoke bila weusi. Petroli na mafuta ya taa hayafai, maana huacha mafuta. Kuanzia hapo uso usiguswe kwa kidole, na gundi ipakwe ndani ya saa moja, kwa sababu alumini huanza kujifunika upya kwa oksidi mara tu inapokutana na hewa.

Vipimo vya A na B vifuate maandishi ya pakiti. Nyingi hutaka viwango sawa, yaani mistari miwili yenye urefu na unene mmoja. Kuongeza kigumishi ili ikauke upesi ni kosa la kawaida. Matokeo yake ni gundi laini isiyokomaa milele. Ichanganywe kwa kijiti kwa dakika moja au mbili hadi rangi iwe moja, huku glovu zikiwa mkononi na dirisha likiwa wazi, kwa kuwa epoksi mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na aliyewahi kuathiriwa huathirika kwa wepesi zaidi mara nyingine. Ipakwe pande zote mbili na iruhusiwe kufurika kidogo kuzunguka kingo za kipande, maana ukingo ndipo kumenya kunakoanzia. Ibanwe kwa vibanio vya nguo kiasi cha kushikilia tu. Ikibanwa mno, gundi yote hukamuliwa nje na kuacha kiungo kikavu.

Skurubu zisisahaulike. Gundi ikiingia kwenye matundu yake, kompyuta hiyo haitafunguliwa tena kwa amani. Tone la mafuta ya cherehani kwenye meno ya skurubu, kisha kuifunga mahali pake kabla ya kubandika, huzuia hilo. Lakini mafuta hayo yakigusa bati, kazi ya msasa na spiriti irudiwe.

Baridi ya Kighare

Maandishi ya pakiti yanaposema saa 24, yanamaanisha chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Kwa makadirio ya mafundi, kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, muda wa kukomaa kwa epoksi huongezeka karibu mara mbili. Kazi iliyofanyika Mwanga mjini, chini kwenye joto la tambarare, huweza kuwa tayari kesho yake. Kazi hiyohiyo ikifanyika Kighare mwezi Julai, ukungu ukiwa dirishani, ipewe siku mbili kamili au tatu. Kifaa kisiwekwe karibu na moto ili kuharakisha, kwani skrini na betri havivumilii joto la jiko. Njia salama ni kukibandika kifuniko kikiwa peke yake na kukiacha juani mchana, kioo cha skrini kikiwa kimetolewa au kimefunikwa.

Kipindi hicho cha kusubiri kitumike kushughulikia bawaba yenyewe. Mara nyingi kona hubanduka kwa sababu bawaba imekaza kwa vumbi na uzee, hivyo mkono unasukuma kwa nguvu na gundi ndiyo inayolipa. Bawaba nyingi zina nati ndogo mwishoni mwa mhimili wake. Ikilegezwa robo au nusu mzunguko, kifuniko hufunguka kwa wepesi na bado husimama kilipoachwa. Kurudisha gundi mpya kwenye bawaba iliyokaza ni kujiandalia kazi ya mwezi ujao.

Fundi anayeamua kuongeza kiraka cha bati juu ya ufa aangalie kwanza antena za mtandao zimekaa wapi. Kasha la metali huzuia mawimbi, ndiyo maana watengenezaji huacha ukanda wa plastiki, mara nyingi karibu na bawaba au ukingoni mwa kifuniko. Kiraka cha metali juu ya ukanda huo hudhoofisha mtandao, na katika mabonde ya Usangi wenye mtandao wa kutosha kupoteza ni wachache.

Vifaa vya umma

Yaliyoelezwa hapo juu yanahusu mali binafsi. Kompyuta za ofisi, shule na vituo vya huduma, pamoja na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 na baadaye kukabidhiwa kwa walimu, ni mali ya Serikali. Mtumishi asivifungue wala kuvipeleka kwa fundi wa mtaani. Hitilafu itolewe taarifa kwa mkuu wa shule au mkuu wa kituo, naye awasiliane na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri. Sababu haiko kwenye kasha pekee: ndani ya kifaa hicho zimo alama za wanafunzi au kumbukumbu za wagonjwa, na kifaa kilichoachwa kwenye banda la fundi kimeziacha nazo hapo. Mwenye kompyuta yake binafsi naye ana sababu ileile ya kunakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kukabidhi kifaa kwa mtu yeyote.

Kwa vijana wanaofanya kazi hii ya ufundi, au wanaotaka kuianza, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana, hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Maelezo ya taratibu hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Benchi lenye mwanga wa kutosha, bisibisi sahihi na jiliwa dogo ni mtaji unaoanza kulipa mapema kuliko inavyodhaniwa, hasa mahali ambapo njia nyingine ya mteja ni nauli ya kwenda Moshi na kurudi.

Ikishindikana mara ya pili

Kuna bawaba ambazo hata epoksi iliyopakwa kwa uangalifu haitazishika, kwa sababu kipande cha ndani kimevunjika vipandevipande au bati limepinda. Hapo inabaki njia ya fundi wa madirisha: kutoboa bati kwa keekee nyembamba na kupitisha boliti ndogo ya kichwa bapa kutoka nje, ikutane na nati kwenye bawaba. Hupunguza uzuri na hudumu miaka. Kabla ya kutoboa, skrini iondolewe kabisa na nafasi kati ya bati na kioo ipimwe, kwa maana boliti iliyozidi milimita mbili huweza kukipasua kioo siku ya kwanza kifuniko kinapofungwa. Epoksi kidogo chini ya boliti huzuia isilegee.

Iwe kwa gundi pekee au kwa gundi na boliti, mabaki ya mchanganyiko yasitupwe. Yaachwe juu ya kipande cha kadibodi kando ya kifuniko kilichobandikwa, katika baridi ileile. Ukucha ukikandamizwa juu ya mabaki hayo na kuacha alama, kompyuta isifunguliwe. Isubiri siku nyingine, kisha yajaribiwe tena.